Mkuu, hizo seli za siku tano usizimwagie GABA!

Simama hapo hapo. Unasema neuroni zako (seli za ubongo) za kitoto cha panya zina siku tano kwenye sahani, na kesho unaweka GABA, ile kemikali inayotuliza seli za ubongo zilizokomaa, upime kloraidi, chembe ya chumvi yenye chaji hasi, inavyoingia. Haitaingia, mkuu. Itatoka!

Mimi hili limenila miezi saba. Nilikuwa nasoma Ujerumani, sahani zangu za siku ya nne hadi ya sita. Natia rangi inayong'aa kalsiamu ikipanda, nadondosha GABA, na badala ya seli kutulia zinawaka kijani moja baada ya nyingine mpaka skrini nzima. Nikajua GABA imechafuka, nikaagiza nyingine. Nikapika upya maji ya chumvi. Nikatupa kundi baada ya kundi, vitoto vya panya vimekufa bure. Aliyenifundisha, mtu mwenye miaka mingi kwenye kazi hii, alikuwa kaniambia: "Seli ikishashika chini na kutoa mikia, iko tayari." Tayari kwa lipi? Hasira haijanitoka hadi leo, maana tangu 1999 ilikuwa imeshachapishwa kwamba KCC2, protini ya kwenye utando wa seli, ndiyo inayoigeuza GABA kuwa ya kutuliza.

Seli changa inaitegemea NKCC1, protini nyingine ya utando, ambayo inaingiza kloraidi pamoja na sodiamu na potasiamu, kwa hiyo ndani kumejaa. GABA ikifungua mlango, kloraidi inakimbilia nje, chaji hasi ya ndani inapungua, milango ya kalsiamu nayo inafunguka. Ndiyo kijani ile. KCC2, inayoitoa kloraidi nje pamoja na potasiamu, huchelewa kuja.

Kwa hiyo usipime chochote kabla ya wiki mbili, na zikitimia usiamini kalenda. Kila kundi toa sahani moja, dondosha GABA, tazama kalsiamu. Ikipanda, bado ni changa. Sahani ya pili itangulizie bumetanidi, dawa inayoizuia NKCC1, maikromola 10, uiache kidogo: mwako ukififia, NKCC1 bado inatawala.

Na kama unapima kwa elektrodi ya pipeti yenye maji ya chumvi, usipasue utando wa seli. Kloraidi ya kwenye pipeti itamwagika ndani na utakuwa unapima chumvi yako mwenyewe. Tumia gramisidini, dawa inayotoboa vitundu vidogo kwenye utando; vitundu vyake havipitishi kloraidi.

 Wewe hizo sahani za kesho ziache kwenye inkubeta, usiziguse.