"Mti wako umezidi": maswali yenu kuhusu asili tano za tiba ya Kichina

Tabibu wa Kichina ameniambia mti wangu umezidi nguvu. Mwilini mwangu kuna mti gani?

Hakuna mti. Wachina hutaja asili tano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Neno lao, xing, lina maana ya kwenda, kwa hiyo ni mienendo zaidi kuliko vitu. Mti ni mwendo wa kuchipua, na huwekwa pamoja na ini, macho, ladha ya uchachu na hasira. Mti hulisha moto, moto huacha majivu yakawa udongo, udongo huzaa chuma, chuma huzaa maji, maji hunywesha mti. Tena zinadhibitiana: maji huzima moto, shoka hukata mti, mizizi hupasua udongo. Udongo ni wengu na tumbo. Basi mtu mwenye hasira za mara kwa mara, tumbo likimsumbua kila akila, huambiwa mti umeulemea udongo. Nawaheshimu kwa hilo: tabibu analazimika kuuliza unaishije, si unaumwa wapi tu.

Kwa hiyo ini langu ni bovu?

Hajasema hivyo. "Ini" lake ni kundi la kazi za mwili, si lile linalopimwa maabara. Ila macho yakiwa ya manjano, nenda hospitali leo hii.

Ni sawa na nyota za moto, udongo, upepo na maji za falaki yetu ya pwani?

La. Hizo nne chimbuko lake ni Wayunani, zikatufikia kwa elimu ya Waarabu. Hazina mti wala chuma.

Mbona dawa ya mseto ya malaria imetoka kwao?

Kweli, na ni fahari yao. Ge Hong, tabibu wa Kichina wa karne ya 4, aliandika kwamba mmea wa homa uitwao qinghao ulowekwe majini, ukamuliwe, maji yake yanywewe. Mwanasayansi wa Kichina Tu Youyou aliposoma hapo akashuku kwamba kuchemsha ndiko kunakoua dawa, akaitoa dawa mmeani kwa etha, kimiminika kisichohitaji joto kali. Mwaka 1971 dondoo lake liliwaponya panya na nyani, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Nobel. Lakini kilichothibitisha dawa ile ni majaribio, si asili tano. Mitishamba mingine ya Kichina, yenye asidi ya aristolokia, imeharibu figo za watu na kuwaletea saratani. Mwombe tabibu wako akuandikie jina la kila mmea aliokupa, kisha karatasi hiyo umpelekee daktari wako.