Mwache chini, msimkimbize

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: mtoto anafaa kuanza kutembea akiwa na miezi mingapi? Mkitaka mwezi mmoja tu, hamtaupata. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya katika nchi kadhaa, Ghana na Norway zikiwemo. Kuna waliotembea peke yao kabla ya miezi 9 na waliongoja hadi 17, na wote walikuwa wazima. Wachache hawakutambaa kabisa. Walisimama tu, wakaenda zao. Kwa hiyo mama wa mtoto wa miezi 11 akiulizwa kwenye foleni ya maji hapa Kayole, "Huyu bado?", ana haki ya kunyamaza.

Hilo halina maana kwamba mazoezi ni bure. Miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Charles Super aliwachunguza watoto wa Kipsigis, jamii ya hapa Kenya, akaona wanawahi kukaa na kutembea kuliko wa kwao Marekani. Sababu ni kwamba walifundishwa. Mtoto alichimbiwa kishimo kidogo, akakalishwa humo mgongo ukiwa umeegemezwa. Kutambaa hakuna aliyewafundisha, na huko hawakuwatangulia wenzao.

Sisi wa chumba kimoja tuna shida yetu: jiko hapa, kitanda pale, na mtoto anashinda mgongoni au juu ya godoro. Mgongoni ni pazuri, lakini misuli ya kujiinua inataka sakafu. Ondoa jiko na ndoo, tandika mkeka, mlaze kwa tumbo akiwa macho nawe ukimwangalia. Hata dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Woka ya magurudumu, kile kikalio ambacho mtoto hukisukuma kwa miguu, sinunui, hata nikipewa bei ya kutupa. Haimfundishi kutembea, na Kanada iliipiga marufuku mwaka 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka nayo kwenye ngazi. Ploti zetu za ghorofa, ngazi ziko wapi kama si mlangoni?

Ila kuna wa kupelekwa kliniki, na kile kijitabu chake mkononi: asiyekaa mwenyewe akifika miezi 9, asiyetembea akifika 18, na hasa aliyekuwa akiweza jambo kisha akaliacha. Huyo wa mwisho usimngojee hata wiki. Aliyezaliwa kabla ya wakati, toa kwanza zile wiki alizokosa tumboni, ndipo uanze kumhesabia.

Mama wa wawili, Kayole