Kukomesha mkataba au kuusitisha?

Dada, umeuliza kama barua kwa mwenye nyumba wako iseme "nakomesha mkataba". Tafadhali usiandike hivyo. "Koma" lenyewe halina ubaya, mvua hukoma na hedhi hukoma, lakini "komesha" tunalielekeza kwa maovu: kukomesha rushwa, kukomesha ukeketaji. Tena "nitakukomesha" ni kitisho kabisa! Mzee wa watu atadhani unamshtaki.

"Kusitisha" ni la kiungwana zaidi, ila huweza kueleweka kuwa ni kwa muda tu. Pande za vita husitisha mapigano kisha zikayaanza upya. Kwa hiyo funga sentensi: "Nasitisha mkataba wa upangaji kuanzia 31 Desemba na sitauhuisha." Kama muda wake unafika siku hiyohiyo, sema tu kwamba mkataba unaisha na hutauongeza. "Kuvunja" liache, maana hilo hudokeza kukiuka mkataba.