Barua kwa Mwanangu Kuhusu Lebo, Daftari na Santuri za Mjomba Wako

Köln, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, nami nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na miwani na kalamu mkononi. Umeniuliza swali la mhasibu: je, wewe na mwenzako muendelee na lebo yenu ya muziki wa rapu kama ushirika wa watu wawili, yaani GbR, au mfungue GmbH, yaani kampuni ambayo deni lake haligusi mali ya wenyewe, kabla ya kutia saini ule mkataba wa usambazaji? Na mkataba wenyewe umeuambatisha, kama ulivyoandika, "kwa taarifa tu".

Ulilouliza lina jibu fupi. Katika GbR, deni la lebo ni deni lako wewe na ni deni la mwenzako, na mdai anaweza kumfuata mmoja wenu kwa deni lote, hadi kwenye akiba yake ya nyumbani. GmbH inataka mtaji wa euro 25,000, na zisizopungua 12,500 ziwe zimeshawekwa kabla ya kuandikishwa. Kwa kuwa hamna fedha hizo, kuna UG, mdogo wake GmbH, ambayo tangu mwaka 2008 huweza kufunguliwa hata kwa euro 1, kwa sharti kwamba kila mwaka robo ya faida iwekwe kando hadi mtaji utimie. Fungueni UG. Nitakuandalia fomu mwenyewe, na kwa mthibitishaji tutakwenda pamoja nikija Berlin. Wala usisahau kwamba kwa fedha mnazowalipa wachanaji wenu, hao wanarapu, mnadaiwa asilimia fulani na mfuko wa bima ya wasanii, KSK (mwaka 2025 ilikuwa euro 5 kwa kila euro 100), hata kama wao wenyewe si wanachama wake.

Sasa niruhusu niseme juu ya hicho ulicholeta kwa taarifa tu. Unajua nitaanza na neno gani, maana umelisikia tangu ulipokuwa ukihesabu sarafu kwenye mkebe wa biskuti: mali bila daftari hupotea bila habari. Mjomba wako naye alilisikia, na kila nikilisema nayakumbuka ya mwaka 2001.

Alipofika Köln mwaka 1991 alikuta nchi inawaka. Mwaka ule wageni walishambuliwa Hoyerswerda, uliofuata ikawa Rostock-Lichtenhagen na Mölln, na Mei 1993 ikaja zamu ya Solingen, hapa karibu nasi kwa treni, ambako wanawake na wasichana watano wa familia moja ya Kituruki waliuawa kwa nyumba yao kuchomwa moto. Usiku tulikuwa tukilala na ndoo ya maji mlangoni, jambo ambalo nadhani sijapata kukuhadithia. Katika majira hayo ndipo Advanced Chemistry wa Heidelberg, vijana wenye asili ya Haiti, Italia na Ghana, walipotoa wimbo wao wa mwaka 1992 kuhusu mtu mwenye pasipoti ya Ujerumani ambaye hata hivyo anaangaliwa kama mgeni katika nchi yake. Haukutolewa na kampuni kubwa, bali na lebo ndogo ya hapa hapa Köln iitwayo MZEE. Mjomba wako alipoliona jina hilo kwenye jalada alicheka hadi machozi, akashika njia kwenda kumtafuta Mswahili mwenzake. Mswahili hakumpata, ila alirudi na jambo kichwani: kwamba vijana wachache wasio na chochote wanaweza kuchapisha sauti yao wenyewe bila kumbembeleza mtu.

Lebo yake aliifungua mwaka 1999, katika jiko letu la Ehrenfeld. Ulikuwa na miaka minne. Wachanaji wake walikuwa watatu, wote wa mtaani, nao walirekodi katika chumba cha chini kilichozibwa kwa magodoro ya zamani. Mjomba alipopeleka kazi kiwandani alielezwa kwamba hakuna santuri hata moja itakayotengenezwa mpaka GEMA, chama kinachowakusanyia watunzi fedha zao, ilipwe haki za utunzi, kwa sababu mmoja wa vijana wale alikuwa mwanachama wake. Alirudi nyumbani amefura: vipi alipie wimbo ambao mtunzi wake amekaa naye jikoni akinywa chai? Nilimweleza kwamba fedha hiyo itamzungukia mtunzi na kumrudia, imepunguzwa na imechelewa. Alilipa, lakini nadhani hakuniamini.

Usiku santuri zilipofika siwezi kuusahau. Zilikuwa 500, ndani ya majalada meupe yasiyo na maandishi, kwa kuwa ya rangi yalitushinda bei. Mjomba alichongesha muhuri wa mpira, na sisi watano tulizunguka meza ile ile ninayoandikia sasa: mmoja akigonga muhuri kwa wino wa buluu, mwingine akipuliza ukauke, wa tatu akipanga. Wewe ulilala chini ya meza ndani ya boksi tupu, na asubuhi ulikuwa na alama ya muhuri kwenye shavu, maana kijana mmoja alikugonga kwa mapenzi. Katikati ya kila santuri, pembeni kwa herufi ndogo, palikuwa na herufi P ndani ya duara, mwaka, na jina la lebo ya mjomba wako. Alinionyesha herufi ile kwa ukucha, akasema: "Dada, hii ndiyo hati ya kiwanja." Alisema kweli, kwa kuwa herufi hiyo ndiyo humtaja mwenye rekodi asilia, zile ambazo ninyi huziita masta.

Agosti mwaka uliofuata, Popkomm, maonyesho ya biashara ya muziki, ilipofanyika kule Deutz kama ilivyokuwa kila mwaka kabla ya kuhamia Berlin, alivaa suti yake ya pekee, akasukuma kigari cha sokoni chenye santuri 40 juu ya daraja la Rhine. Jioni alirudi na kigari kitupu na msambazaji. Msambazaji huyo alichukua santuri zote zilizobaki, akaagiza 500 nyingine, akaziuza, kisha akafilisika akiwa anadaiwa na mjomba wako mark 7,000, fedha ya Ujerumani kabla ya euro. Katika foleni ya wadai, lebo ya jikoni husimama mwisho.

Hapo ndipo aliponijia. Albamu ya vijana ilikuwa imekwisha kurekodiwa, nacho kiwanda na GEMA vilihitaji mark 4,000. Mimi nilikuwa nazo. Zilikuwa 6,000 kwenye kitabu cha benki, akiba ya kile kiwanja cha Mtwapa unachokijua. Nilimwomba anionyeshe daftari, naye akaniletea boksi la viatu lililojaa risiti, nyingine zimefifia kiasi cha kutosomeka. Nikasema sitatoa. Nikasema, mali bila daftari hupotea bila habari, na nikafunga mlango wa chumba changu.

Baada ya majuma mawili alirudi na mkataba wa kampuni nyingine, iliyokuwa tayari kumpa mark 5,000 kwa rekodi zote, zilizotoka na zile ambazo bado. Kijerumani chake cha maofisini kilikuwa hafifu, hivyo aliniomba nimfasirie. Nilimfasiria neno kwa neno, kwa uaminifu wote, hadi kifungu kinachosema kwamba haki hutolewa bila mpaka wa wakati wala wa mahali. Aliniuliza: "Yaani nini?" Nikajibu: "Yaani daima, na dunia nzima." Alinitazama kitambo, kama anayengoja neno jingine, nami nikanyamaza, kwa kuwa nilijiambia kwamba mtu mzima huamua mwenyewe. Alitia saini kwa kalamu yangu.

Nimejadiliana na nafsi yangu juu ya usiku ule kwa miaka zaidi ya ishirini. Upande mmoja husema nilifanya sawa, kwani nani humwaga akiba ya watoto ndani ya boksi la viatu? Tena kuuza si dhambi. Lebo ya Four Music, iliyofunguliwa Stuttgart mwaka 1996 na kundi la rapu la Die Fantastischen Vier, iliishia mikononi mwa Sony, na sijasikia waanzilishi wake wakilia. Lebo ya Aggro Berlin ilianza mwaka 2001, ikatikisa nchi nzima, ikafunga milango mwaka 2009. Lebo, kama duka, ina siku ya kufunguliwa na siku ya kufungwa. Lakini upande wa pili hunijibu kwamba hao walijua wanauza nini na kwa nani, ilhali ndugu yangu aliuza kwa sababu ya mark 4,000 zilizokuwa chumba cha pili. Hajapata kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 2004, lebo ndogo ya München, Out Here Records, ilipotoa mkusanyiko wa rapu ya Kiswahili kutoka Tanzania, alinipigia simu kutoka Hamburg kwenye kituo cha mabasi anakofanya kazi, akanisikilizisha nyimbo kupitia simu, akasema: "Dada, unasikia? Kiswahili chetu, na lebo ya Kijerumani!" Alikuwa na furaha ya kweli, bila kijicho. Mimi ndiye niliyekata simu nikalia.

Nyimbo za vijana wale sasa zimo kwenye intaneti. Fungua simu yako, shuka hadi chini kabisa ya albamu: P ndani ya duara, 2001, na jina la watu ambao hawakugonga muhuri hata mmoja.

Turudi kwako. Nimefurahi kwamba daftari lako ni safi. Nimekagua hesabu zako za miaka miwili na nimepata kosa moja tu, la ankara ya Machi. Bali lipo jambo ambalo hukuniuliza. Ule wimbo wa tatu mlionitumia una kipande cha taarabu kutoka kaseti ya bibi yako, fidla na sauti ya mwanamke, sekunde nne nilizozihesabu. Ruhusa mnayo? Moses Pelham wa Frankfurt, mchanaji mwenye lebo yake mwenyewe, alichukua sekunde 2 hivi za mdundo wa bendi ya Kraftwerk kwa wimbo wa mwaka 1997, na kesi hiyo ikafika Mahakama ya Katiba mwaka 2016 na Mahakama ya Ulaya kule Luxembourg mwaka 2019, na hata hapo haikuisha. Watu wa Mombasa hawana mawakili wa Kraftwerk, nawe hiyo isiwe sababu ya kuwachukulia chao bila kuomba. Mtafute mwenye haki. Nitakusaidia kupiga simu.

Kuhusu mkataba, wanawapa euro 40,000 mkononi, na mtazirudisha kutoka kwenye sehemu yenu ya mapato. Gharama za masanduku ya mashabiki, yenye fulana na picha, zinakatwa kabla ya mgawanyo, na masanduku hayo mtayahitaji, kwa kuwa tangu mwaka 2007 chati za Ujerumani huhesabu fedha iliyolipwa, si idadi ya nakala. Hilo linavumilika mkiweka kikomo. Ukaguzi wa hesabu mnaruhusiwa mara moja kwa mwaka, kwa gharama zenu. Ombeni kwamba wakikutwa na kosa la zaidi ya asilimia 5, gharama iwe yao. Kifungu cha sita kinazungumzia "leseni", nami nikashusha pumzi, maana leseni hurudi kwa mwenyewe. Ila muda wa leseni hiyo haukutajwa hapo; kinasema utaelezwa katika kifungu cha tisa.

Sikwambii kubali, wala sikwambii kataa. Ulimi unaniwasha, na mara mbili nimeandika neno lenyewe kwenye karatasi hii nikalifuta, utaona palipokwaruzika. Lebo ni yenu, na majina ya wachanaji mliowaahidi mrabaha mnayajua ninyi. Lakini sitaki tena kufasiri maneno na kunyamaza. Nikikisoma kifungu cha tisa na kikawa kama kile cha mjomba wako, nitakwambia waziwazi, hata ukikasirika. Na kama ni fedha tu ndizo zinazowasukuma, uniambie ni kiasi gani hasa kabla hujawaambia wao.

Umenitumia ukurasa wa 1 hadi wa 6, kisha wa 8. Kifungu cha tisa kimo kwenye ukurasa wa 7. Nitumie leo hii, kabla hujalala.

Mamako