Kidonge cha sonona na moyo uliowahi kuumwa

SWALI: Dada mfamasia, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Tanga, nina miaka 64. Mwaka jana nilipata mshtuko wa moyo. Baada ya hapo nikawa silali, sili, hata redio naiona kelele. Kliniki wakasema ni sonona, nikaanzishiwa sertralini, ikanisaidia. Mwezi uliopita iliniishia, binti yangu akauziwa amitriptilini dukani, akaambiwa kazi yake ni ileile. Sasa moyo unakwenda mbio, na nikiinuka kwa swala ya alfajiri naona giza. Jirani anasema dawa zote za sonona zinaua moyo, nizitupe. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Nashukuru uliacha namba, maana swali lako halikuwa la kungoja gazeti litoke. Nafurahi ulikwenda hospitali siku ileile nilipokupigia, ukapimwa presha umekaa na umesimama, ukabandikwa nyaya kifuani kupima umeme wa moyo, na ukarudishiwa sertralini yako. Hapa naandika kwa ajili ya wengine waliouziwa "ileile".

Si ileile. Zote mbili hutibu sonona, ila kwenye moyo haziendi njia moja. Amitriptilini ni dawa ya zamani, na ninaitoa dirishani karibu kila siku kwa watu wenye moyo mzima, wengi kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Lakini huchelewesha umeme unaopita kwenye moyo, huongeza mapigo, na hulegeza mishipa ya damu. Ukisimama ghafla, damu inashuka miguuni. Ndilo giza lako la alfajiri. Nimempokea mama mmoja ana plasta kwenye paji la uso. Alianguka akiinamia ndoo ya maji ya udhu. Aliyetoka kupata mshtuko wa moyo hapaswi kupewa dawa hii.

Sertralini ilijaribiwa kwa watu kama wewe hasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulichukua wagonjwa 369 wenye sonona ambao moyo ulikuwa umewashika karibuni, wengine wakapewa sertralini, wengine kidonge kisicho na dawa. Nguvu ya moyo kusukuma damu haikutofautiana. Kwa hiyo jirani yako, kwa nia njema kabisa, amekosea. Na sonona isiyotibiwa nayo ni mzigo kwa moyo: aliyepata mshtuko wa moyo kisha akapata sonona yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Mtu asiyekula, asiyetoka nje, anayesahau dawa zake za presha, moyo wake utapona vipi?

Unameza pia aspirini, kama wengi wa hali yako. Ikichanganyika na sertralini, damu huvuja kwa urahisi zaidi. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali. Ukipata malaria, kabla ya kupewa mseto taja dawa zako zote, kwa sababu mseto nao hugusa umeme wa moyo. Na wakikupa sitalopramu, dawa nyingine ya sonona, badala ya sertralini, kumbuka umri wako: tangu 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba dozi yake kubwa huvuruga mapigo, na kwa aliyepita miaka 60 mwisho ni miligramu 20 kwa siku.

Dawa ikikaribia kuisha, mtume binti na pakiti tupu, asitaje jina kwa mdomo tu. Usikatishe ghafla, kizunguzungu na wasiwasi vinaweza kukupata.

Zile amitriptilini zilizobaki, mwalimu, uliniambia ziko juu ya kabati la vyombo, na kwamba wajukuu wawili wanakuja likizo. Vidonge vichache tu vinaweza kusimamisha moyo wa mtoto. Zirudishe duka la dawa leo, kabla hawajashuka kwenye basi.