Baba anaota jua kila asubuhi, vitamini D ya daktari ya nini tena?

SWALI: Shikamoo Mama Mfamasia. Baba yangu ana miaka 67, figo zimeshindwa na anasafishwa damu. Kipimo cha vitamini D kimetoka 34, maabara wameandika inatosha. Kila asubuhi tunamtoa juani, na mimi nikamnunulia vidonge vya D3. Daktari kaviweka kando, kaandika alfakalsidoli. Si vitamini D ile ile? Na hivi nilivyonunua, mama anaweza kuvimeza?
Binti yake, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Daktari yuko sawa, na maabara nao wako sawa.

Vitamini D ya juani au ya kidonge huingia mwilini ikiwa ghafi. Kwanza hupita kwenye ini, ambako kimeng'enya huibandika kipande cha oksijeni na haidrojeni. Hiyo ndiyo iliyopimwa ikatoka 34, maana hukaa damuni wiki mbili tatu. Lakini bado haijaiva. Ni figo zenye kimeng'enya cha pili, alfa-1-haidroksilesi, kinachobandika kipande cha mwisho. Hapo ndipo inakuwa kalsitrioli, homoni inayouamrisha utumbo ufyonze kalsiamu. Mwaka 1970 Fraser na Kodicek, kule Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba panya walioondolewa figo hawaitengenezi tena.

Sasa figo za mzee zimebakiwa na kimeng'enya hicho kidogo sana, na fosfeti inayolundikana damuni huzidi kukikandamiza. Mmezeshe D3 utakavyo: ini litafanya kazi yake, 34 itapanda hata 50, na utumbo usipate amri yoyote ya maana. Kalsiamu ikishuka, tezi nne ndogo za shingoni humwaga homoni ya parathairoidi, na hiyo huichota kalsiamu mifupani. Mkisikia mzee analalamika nyonga na mgongo, msiseme ni uzee tu.

Alfakalsidoli imeshabandikwa kile kipande cha figo kiwandani. Imebaki cha ini, na ini la baba linafanya kazi. Wapo wagonjwa wanaopewa dawa zote mbili, ila kwa kuandikiwa.

Jua la saa moja asubuhi ni jepesi mno kwa kazi hii, lakini msimnyime. Baraza na maongezi vina faida yake.

Ninachokusisitizia ni damu kupimwa kalsiamu, fosfeti na parathairoidi kila kliniki inapopanga. Dawa hii hairudi kuomba ruhusa kwenye figo, kwa hiyo kalsiamu inaweza kupita kiasi. Akipata kiu isiyo ya kawaida, choo kigumu, kutapika au kuchanganyikiwa, wapigie siku hiyo hiyo.

Mama, kama figo zake ni nzima, anaweza kuvimeza. Soma boksi kwanza: uniti 1,000 kwa siku hazina neno. Ukikuta 50,000, hivyo si vya kila siku. Mrudishie mfamasia aliyekuuzia umuulize alikuuziaje bila cheti.