Muuguzi wa stashahada na uongozi wa chuo kikuu: jibu langu kwa dada wa Sengerema

Dada, umeuliza kama muuguzi wa stashahada aliyeko kituo cha afya huko Sengerema anaweza kufika hadi uongozi wa chuo kikuu, au viti vile ni vya madaktari peke yao. Waliokujibu kabla yangu kwamba haiwezekani wamekukatisha tamaa bure. Mimi nilianzia wodi ya wazazi ng'ambo hiyohiyo ya ziwa, enzi za kugombania nafasi kwenye kivuko cha Kamanga cha kuja Mwanza, na sasa niko ofisi ya udhibiti ubora ya chuo kimoja hapa Mwanza. Ngoja nikujibu kwa kirefu.

Njia ya vyeti iko wazi. Kwa mwenye stashahada, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanataka GPA, yaani wastani wa alama kati ya 5, isiyopungua 3.0 ili uingie shahada. Shahada ya uuguzi ni miaka 4, halafu mwaka 1 wa intanishipu, yaani mafunzo kazini hospitalini. Kanda yetu ina CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Kanisa Katoliki, pale kilimani Bugando tangu 2003, kwa hiyo usidhani lazima uende Muhimbili. Kinachowakwamisha wengi ni kwamba chuo kikuu hakikuajiri kufundisha kwa kuwa tu una shahada. Mkufunzi msaidizi anatakiwa awe na GPA ya 3.8 kwenye shahada ya kwanza, na ukitaka kuwa mhadhiri msaidizi, uzamili wako uwe na 4.0. Nimeona wauguzi hodari wakisoma huku wanapiga zamu za usiku, wakatoka na 3.6, na mlango ukafungwa hapo hapo. Omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla hujaondoka, usisome kwa kuibia. Baada ya hapo ni uzamivu na machapisho, sina jipya la kukwambia. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga uendelee kuihuisha hata ukiwa huvai sare tena.

Ila vyeti vinakufikisha darasani tu. Uongozi mimi niliupata kupitia kazi ambazo wenzangu walikuwa wanazikimbia.

Nilipokuwa nasimamia wanafunzi wodini, kulikuwa na binti ambaye kitabu chake cha mafunzo ya vitendo kilionyesha amezalisha idadi yote inayotakiwa. Nikampa patografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, ya mama aliyekuwa anasubiri kujifungua, nikamwomba anieleze kwa nini mama yule amevuka mstari wa tahadhari. Kimya. Kufungua kitabu, sahihi karibu zote ni za Ijumaa, za muuguzi mmoja, kwa kalamu moja. Yule muuguzi simlaumu sana: ana wodi nzima mikononi, na wanafunzi wa vyuo mbalimbali wamezunguka kitanda kimoja. Lakini kwenye makaratasi ya chuo, binti yule alikuwa amefuzu.

Baadaye, idara yetu chuoni ilipotafuta mtu wa kuandika ripoti ya tathmini ya ndani ya programu, watu waliangalia dari. Kazi ile haina posho ya maana wala haikupandishi cheo moja kwa moja. Nikaichukua. Nikatoa kabatini ripoti za miaka ya nyuma za watahini wa nje, yaani walimu wa vyuo vingine wanaoalikwa kukagua mitihani yetu, nikazisoma mfululizo. Lalamiko lilikuwa lilelile kila mwaka: wanafunzi wanajua nadharia, mikono haijui. Kila mwaka kikao kilikuwa "kimepokea" ripoti, basi. Hakuna aliyepewa jukumu.

Sasa wewe unajua wodini hatufanyi hivyo. Ukikabidhi zamu, useme kitanda namba fulani homa ilikuwa juu, kimefanyika nini, na nani anaendelea. Nikapeleka utaratibu huo kwenye kamati: kila hoja ya mtahini iwe na jina la mtu na tarehe ya kujibu. Daktari mmoja mwandamizi akasema hapa ni chuo, si wodi. (Ajabu ya mwanaume muuguzi: wagonjwa wananiita daktari, madaktari kikaoni wananiita nesi.) Sikubishana naye. Muhula uliofuata jina lake lilikuwa kwenye orodha, na alijibu kabla ya tarehe.

Baada ya hapo nilianza kuitwa kwenye mapitio ya mtaala, kisha maandalizi ya ukaguzi wa TCU, kisha nikapewa ofisi. Sikuwa msomi kuliko wengine. Nilikuwa najua mafaili yako wapi na yanasema nini, na wakaguzi wanapobisha hodi, mtu wa namna hiyo hutafutwa haraka.

Usidanganywe kwamba ni raha, lakini. Nusu ya kazi ni kuwaambia watu unaokula nao chakula cha mchana kwamba mtihani wao haupimi kilichoandikwa kwenye mtaala wao. Na kadiri unavyopanda, ndivyo unavyokuwa mbali na mgonjwa. Mimi bado naomba siku za wodini, kwa sababu ubora wa mafunzo ya uuguzi huuoni kwenye faili, unauona mwanafunzi anapokutana na mama anayetoka damu.

Kwa sasa, wakija wanafunzi kituoni kwako, mwombe mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, akupe jukumu la kuwasimamia, na upate barua yenye mhuri. Barua hiyo ni ya kuambatanisha utakapoomba nafasi ya kufundisha. Na useme hapa GPA yako ya stashahada ni ngapi. Ikiwa chini ya 3.0, tuzungumzie njia nyingine kabla hujatuma maombi na kupoteza ada ya fomu.